Friji Lililosimama Njia Nzima

"Nyumba yangu haijawahi kukanyagwa na fundi wa vyombo vya umeme. Kitu kikipita mkononi mwangu, kinaongezewa umri."

Maneno hayo aliyasema kinyozi mmoja mbele ya mama mkwe wake, kifua kikiwa kimetangulia kuliko shati. Mtaani walimwita Dhamana, kwa sababu hakusema jambo bila kuliwekea dhamana. Kipara hiki kitaota nywele, dhamana. Leo mvua hainyeshi, dhamana. Na haki ya mtu isifichwe: mashine yake ya kunyolea ilikuwa na miaka tisa na bado ilinguruma kama paka aliyeshiba. Kila jioni aliipiga brashi, akaidondoshea tone moja la mafuta mepesi, akaivisha kofia yake. Tone moja, si mawili.

Shida ni kwamba Dhamana alichukua sifa ya mashine moja akaigawia vyombo vyote vya nyumbani, navyo vyenyewe havikuwa na habari. Ni kweli fundi hakuwahi kukanyaga pale. Angekuja kufanya nini, kutoa pole? Nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na pasi iliyoviringishiwa waya wake ikiwa bado ya moto, blenda iliyolazimishwa kusaga mahindi makavu, feni iliyogeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, na birika la umeme lenye ukoko mweupe ndani ambao hakuna aliyewahi kuufikiria. Friji lao alikuwa ameliua kwa mkono wake. Alikuwa akikwangua barafu kwa kisu, kisu kikateleza, likatoa pumzi moja ndefu, fyuuu, basi. Mke wake alilitandika shuka na sasa walihifadhia viatu humo.

Mama mkwe alikuwa kiumbe wa namna nyingine. Friji lake lilikuwa na miaka kumi na tisa na mlango wake ulifungwa kwa sauti ile ile ya siku liliponunuliwa. Kila mwezi alilivuta kutoka ukutani akapangusa vumbi la wavu wa nyuma kwa brashi ya rangi. Aliusafisha mpira wa mlango kwa maji ya sabuni na kitambaa, mkunjo kwa mkunjo, kama anayemwosha mtoto masikio. Kisha alibana kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Karatasi ikitoka bila ubishi, mpira umechoka. Sufuria ya moto haikuingia mle hata kama aliyeibeba ni mgeni wa heshima. Kitabu cha maelekezo alikitunza kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti chake cha ndoa.

Mwezi uliopita mama huyo alianguka bafuni kwake, akakaa sakafuni saa nzima kabla ya mtu kusikia. Magoti yalikuwa yameanza kumgeuka, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemshika miaka. Binti yake, ndiye mke wa Dhamana, alikuwa amembembeleza miaka miwili aje aishi nao. Tangu siku ile ya bafuni binti alikuwa hali akashiba. Simu ikilia tu, kijiko kinamponyoka. Hatimaye mama alikubali, na siku aliyokubali ndiyo siku ile ya majigambo.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nakuja na friji langu, maana ndilo linalotunza dawa yangu. Na friji langu linasafiri kwa kusimama. Siku litakapolazwa chini, na mimi nitarudi kulala kwangu."

"Mama, kulala na kusimama kuna nini tena?" Dhamana akauliza akicheka.

"Chini kule kuna mota, mwanangu, na mota ina mafuta yake. Ukililaza, mafuta yanatambaa kwenye mabomba yasikotakiwa. Ukiliwasha kabla hayajarudi, mota inajisaga kavu. Likisimama njia nzima, lipumzike saa moja, liwashwe. Likilala, lazima lisimame kutwa na kucha ndipo uguse swichi."

Mke akamtazama mumewe kwa jicho lisilokuwa na mzaha ndani yake.

"Litasimama njia nzima," Dhamana akasema. "Dhamana."

Siku ya kuhama, mambo yalipangwa vizuri. Dhamana atangulie na friji kwa pikapu. Mama na binti wafunge nyumba, wapite zahanati kuchukua dawa, wafuate kwa teksi. Basi dereva wa pikapu akapiga simu kwamba tairi limemgomea, labda saa sita. Dhamana, ambaye kusubiri ni ugonjwa kwake, akaona msukuma mkokoteni amekaa kivulini anajipepea kwa kofia. Wakalipakia friji likiwa limesimama wima, likafungwa kamba kama mfungwa, wakaondoka.

Wakaenda vizuri hadi kwenye uchochoro wa nyuma ya soko. Pale waya za umeme zilikuwa zimelegea zikashuka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Bosi," msukuma mkokoteni akasema, "hapa ama tulilaze, ama tuwakatie umeme watu wote hawa."

Dhamana akatazama waya, akatazama friji, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Tulilaze kidogo. Hatua ishirini tu."

"Nina sponji langu hapa chini, nalitumia kwa vioo. Litalala kama mgonjwa wa wodi ya kulipia."

Wakalilaza. Hatua ishirini zikapita, na mkokoteni, uliokuwa unayumba kwa uzito wa juu, sasa ukateleza kama umepakwa sabuni.

"Tulisimamishe, bosi?"

"Tukifika kwenye lami."

Kwenye lami akasema wakivuka njia panda. Baada ya njia panda akasema kona ya mwisho. Na katika kipande hicho cha safari yeye mwenyewe alikuwa wapi? Anaapa alitembea pembeni, mkono mmoja juu ya friji, kama anayemsindikiza mgonjwa. Sisi hatukuwepo, tumwachie maneno yake.

Kona ya mwisho wakalisimamisha, Dhamana akalifuta vumbi kwa taulo la saluni, na friji likaingia nyumbani wima, lina hadhi, kama vile halijawahi kusikia habari za sponji. Msukuma mkokoteni akaaga, akaenda zake.

Dhamana akabaki jikoni peke yake na friji. Wakati ule tu ndipo maneno ya mama mkwe yakaanza kumrudia, moja moja, kama matone. Mafuta yanatambaa. Mota inajisaga kavu. Akaweka sikio ubavuni mwa friji. Kimya. Akazunguka nyuma, akainama, akaweka sikio kwenye kile kidude cheusi cha chini. Akahisi anasikia kitu kinatiririka polepole, kumbe ni tumbo lake mwenyewe.

"Haya, rudini," akayaambia mafuta. "Tuna saa moja."

Teksi ikasimama nje saa nne na robo.

Mama aliingia na fimbo yake mkono mmoja, mkono mwingine kisanduku cha bati kilichofungwa kwa mpira mwekundu wa kubania nywele. Hakukaa. Hakuomba maji. Alienda moja kwa moja jikoni, akalizunguka friji mara moja taratibu, akainama kidogo nyuma yake huku binti amemshika kiwiko, akainuka.

"Lilisimama?" akauliza.

"Mama, lilisimama kama askari wa zamu."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

Mke wake alikuwa karibu. Akanyoosha mkono, akabandua kitu kidogo chekundu kwenye shati la mumewe, akakitazama.

"Umekula karanga?"

"Karanga? Wapi?"

"Basi," mke akasema, akakitupa. "Hakuna kitu unataka kumwambia mama? Kabla hatujaanza kupanga vitu?"

"Karibu sana mama. Jisikie kwako."

Mama akaguna. Akaomba glasi ya maji, na Dhamana akadhani ni ya kunywa. Kumbe aliiweka juu ya friji, akawa anatazama maji yamelalia upande gani, na kumwamrisha mkwe wake azungushe miguu ya friji: kidogo, kidogo, umepitiliza, rudisha. Dhamana alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, jasho likimwingia machoni, akizungusha mguu wa friji na kuhesabu saa kichwani. Kutwa na kucha. Kama lilisimamishwa saa nne kasoro, basi hadi kesho saa nne kasoro. Sasa ni saa nne na nusu. Ongeza hapo, toa hapa, jibu likabaki lile lile: mbali.

"Lisogeze shubiri moja kutoka ukutani," mama akasema. "Mgongo wake unataka hewa. Mnaona? Maji yamelala sawa. Sasa dawa."

Akafungua kile kisanduku. Vichupa vinne vya insulini, dozi ya mwezi mzima, vimepangwa kwenye pamba kando ya pakiti ya barafu iliyokwisha kulainika.

"Mwuguzi amesema visipate joto. Njiani tumevifunika, lakini barafu hii sasa ni supu. Naviweka ndani. Saa tano na robo tunawasha." Akafunga mpira mwekundu, akaweka kisanduku kwenye rafu ya kati, akafunga mlango wa friji kwa upole. Pup. Sauti ile ile ya miaka kumi na tisa.

Hapo sasa ndipo Dhamana alipojua amejifungia wapi. Akiliacha liwashwe, mota itajisaga kavu, friji litakufa, na mama atarudi kuanguka bafuni peke yake. Akilizuia lisiwashwe, vichupa vinne vitachemka mle ndani kama mayai. Akisema ukweli, mambo yatakuwa rahisi. Lakini angesema ukweli kwa mdomo upi, ule ule uliosema askari wa zamu?

Saa tano na robo mama akasimama mbele ya swichi ya ukutani, kidole juu yake.

"Niwashe, mwanangu?"

Kidole kile kilikuwa chembamba, kimekunjamana, na Dhamana hakuwahi kuona kidole kirefu kama kile.

"Subiri, mama. Soketi hiyo sina imani nayo. Huwa inatoa cheche."

"Lakini ulisema nyumba hii haina kitu kibovu."

"Si mbovu. Ina... tabia."

"Sawa. Iangalie."

Akaleta bisibisi, akafungua kifuniko cha soketi, akachungulia ndani kama daktari wa koo, akakifunga, akakifungua tena. Soketi ilikuwa nzima kabisa. Pengine ndicho kitu pekee kizima alichowahi kufungua. Dakika ishirini zikapita. Mke wake alikuja mlangoni, akaegemea.

"Baba watoto."

"Naam."

"Bado hakuna kitu unataka kusema?"

"Bisibisi hii ni butu."

Mke akaondoka. Saa sita kasoro mama akarudi.

"Niwashe?"

Dhamana akasema anakwenda kwanza kuangalia mita. Akatoka nje, akafungua kisanduku cha mita ukutani, akashusha swichi kuu, tap. Akarudi ndani na sura ya msiba.

"Umeme umekatika."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, fimbo katikati ya magoti. Aliinua kidole kimoja. Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani fundi cherehani, kulisikika sauti: drrrr, kimya, drrrrrr.

"Na hicho ni nini?"

"Cherehani. Yake ni ya kukanyaga, mama."

"Ya kukanyaga hailii hivyo. Hiyo ni ya mota. Tena haijatiwa mafuta tangu mwaka juzi, maskini."

"Basi itakuwa ni upande wetu tu. Fezi."

"Fezi," mama akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Haya. Tusubiri fezi."

Jua likapanda. Bati la paa likaanza kulia tik, tik, linavyofanya joto likizidi. Kila baada ya dakika kumi Dhamana alipata sababu ya kupita jikoni. Alifungua mlango wa friji kidogo tu, akapenyeza mkono, akagusa kisanduku. Mara ya kwanza kilikuwa baridi. Mara ya pili kilikuwa na ubaridi. Mara ya tatu hakuwa na hakika kama ni kisanduku chenye uvuguvugu au ni mkono wake. Akagusa shavu lake, akagusa kisanduku, akagusa shavu. Kila alipofungua alijua amekosea, maana hewa yote njema ilikuwa inatoka; na kila alipoacha kufungua aliona vichupa vinne vinatoka jasho gizani.

Na mafuta je? Yamefika wapi? Aliwaza tone moja ndani ya bomba jembamba, linashuka kwa uvivu, linasimama kwenye kona, linatazama huku na huku, halina haraka na mtu. Aliyefundishwa na mashine ya kunyolea thamani ya tone moja ni yeye huyo huyo. Mashine ile angeilaza kwenye mkokoteni? Hata kwa dawa. Anaibeba kwenye mfuko wa shati, karibu na moyo.

Saa saba binti na mama walionekana wakinong'ona kwenye korido, kisha binti akatoka na kikapu akisema anarudisha chupa ya chai ya jirani. Dhamana hakutia maanani. Alikuwa nyuma ya friji, anasikiliza.

"Unalibembeleza lilale?" mama akamuuliza kutoka mlangoni.

Akashtuka, akagonga kichwa kwenye rafu ya vyombo. "Nasikiliza tu kama... kama fezi imerudi."

"Fezi inarudia kwa mgongo wa friji?" Hakungoja jibu. "Mimi magoti yanauma. Nakwenda kujilaza. Mtu asinigongee mpaka umeme urudi." Akaenda chumbani kwake, polepole, fimbo ikigonga sakafu, na mlango ukafungwa.

Nyumba ikanyamaza. Dhamana akasimama katikati ya jikoni. Akafungua friji kwa mara ya mwisho, akagusa kisanduku, na safari hii hakujidanganya. Kisanduku kilikuwa cha moto. Labda si cha moto. Lakini baridi hakikuwa nayo hata chembe, na ndani yake mlikuwa na mwezi mzima wa maisha ya mama wa mkewe.

Kuna mambo mtu hayapangi, miguu humtangulia. Alikikwapua kisanduku, akakifunika kwa taulo la saluni, akatoka mlango wa nyuma. Alikimbia ile njia yote ya kuzunguka ukuta, mwendo wa robo dakika kwa mtu mwenye amani, na kwake ilikuwa safari. Taulo lilikuwa linampiga magotini. Mbuzi wa mtu akampisha.

Alimkuta fundi cherehani kwenye mashine yake, pini nne mdomoni.

"Karibu jirani," akasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Nasikia umeme umekatika kwenu peke yenu."

"Fezi."

"Pole. Fezi zina mambo."

"Jirani, nakuomba. Hiki kisanduku ni dawa ya mama mkwe. Niwekee kwenye friji lako mpaka kesho saa nne. Na usimwambie, tafadhali. Nitakunyolea watoto wako mwaka mzima."

"Friji lile pale. Weka mwenyewe, mikono yangu ina chaki."

Dhamana akalifungua. Baridi ikampiga usoni, baridi ya kweli, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasogeza bakuli ili apate nafasi. Nyuma ya bakuli kulikuwa na kisahani, na juu ya kisahani, kwenye pamba, vichupa vinne vya insulini vimepangwa mstari, vimepoa hadi vimetoka ukungu.

Akavihesabu. Akavihesabu tena. Kisha akatoa ule mpira mwekundu, akafungua kisanduku alichokimbilia nacho. Ndani mlikuwa na kitabu kidogo kilichokunjwa, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenye picha: friji limelala chali, na juu yake mistari miwili minene iliyokatizana.

"Ukurasa wa saba," ikasema sauti nyuma ya pazia la kujaribishia nguo.

Pazia likasogea. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye stuli, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kitambaa, na binti yake amesimama pembeni, mikono kifuani. Mlango wa mbele nao ulikuwa na kazi yake, kumbe.

"Mama," Dhamana akasema. "Umelala huku?"

"Nimekusubiri huku. Kaa."

Akakaa juu ya gunia la vipande vya nguo. Likazama naye, magoti yakawa juu ya masikio.

"Dawa yangu iko hapa tangu saa saba, ilikuja ndani ya kile kikapu," mama akasema. "Nisingeiacha ipikwe kwa sababu ya ulimi wa mtu. Nilitaka nijue utasema saa ngapi. Nimekuuliza mara tatu. Mwenzio amekuuliza mara mbili. Sasa nakuuliza ya mwisho. Friji langu lilisimama njia nzima?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Dhamana akamtazama mkewe. Lile jicho lisilo na mzaha lilikuwa pale pale, lakini chini yake midomo ilikuwa inatetemeka, na akatambua kwamba mwanamke huyu alikuwa na hofu kuliko yeye. Kwamba tangu saa nne asubuhi alikuwa anasubiri kujua kama mama yake atafungua mizigo au ataifunga tena.

"Hapana, mama," akasema. "Lililala. Kulikuwa na waya pale nyuma ya soko. Nilisema hatua ishirini. Zikazidi. Halafu nikaogopa." Akavuta pumzi. "Umeme pia haukukatika. Niliushusha mwenyewe."

"Na soketi?"

"Nzima."

Mama akasugua goti. Kila mtu chumbani alikuwa anatazama mkono ule unavyozunguka.

"Nilisema friji likilazwa, na mimi narudi kwangu," akasema. "Na mimi neno langu silichezei. Njiani nilikuwa nimekwisha kumwambia dereva arudi jioni." Binti akafumba macho. "Lakini nimechungulia dirishani hapa nikaona mtu mzima anakimbia juani na dawa yangu, amesahau hata viatu."

Dhamana akatazama miguu yake. Kweli.

"Kwa hiyo, litasimama pale mpaka kesho saa nne, bila kuguswa. Na mimi nitasimama nalo. Nitampigia dereva asije."

Mkewe akatoa pumzi iliyosikika hadi kwenye pini za fundi. Akafuta uso kwa kiganja, akageukia ukuta. Dhamana akahisi gunia chini yake limekuwa kochi. Akanyoosha miguu. Kifua, ambacho kutwa nzima kilikuwa kimerudi nyuma ya shati, kikaanza kutangulia tena taratibu.

"Ahsante, mama. Nakuhakikishia..."

"Ngoja. Jambo moja tu, nijue limeumia kiasi gani. Wakati limelala, wewe ulikuwa wapi?"

Ulimi una njia zake ulizozikanyaga miaka mingi, na usiku mmoja wa toba hauzioteshi majani, sembuse mchana mmoja.

"Pembeni yake, mama," Dhamana akasema. "Hatua kwa hatua. Mkono wangu juu yake, nalisindikiza kama mgonjwa. Dhamana."

Mama mkwe akafungua fundo la pindo la nguo yake, akamwaga juu ya meza ya kukatia vitambaa konzi nzima ya maganda ya karanga, mekundu, membamba.

"Haya nimeyatoa asubuhi kwenye wavu wa nyuma wa friji," akasema. "Tukielekea zahanati, teksi yetu ilikwama nyuma yenu pale njia panda, mwanangu. Ulikuwa umelikalia. Umekunja nne."

"Na dereva alipopiga honi mtupishe," mkewe akaongeza, bado anatazama ukuta, mabega yakianza kumtikisika, "ukatupungia mkono."